Hewa ya Kitale, Kabureta ya Chongqing

Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Bungoma iko karibu mita 1,400. Ukitoka Kitale asubuhi, ukapita Kiminini na Kamukuywa, ukakata kulia kuelekea Kimilili, kisha Chwele, kisha Kanduyi, utakuwa umeshuka nusu kilomita bila kuhisi chochote isipokuwa joto kidogo na jaketi lililoanza kukukera. Wewe hujahisi. Pikipiki imehisi.

Historia ya bodaboda magharibi mwa Kenya huwa tunasimuliwa kwa njia mbili. Kuna ile ya magazeti, yenye hesabu za ajali na wodi za mifupa. Na kuna ile ya wanasiasa, yenye vijana waliopata kazi, makofi, na reflekta za bure wakati wa kampeni. Mimi kwa miaka kadhaa nimekuwa nikikaa kwenye vibanda vya mafundi wa miji hii miwili, kwanza kwa sababu binamu yangu ni mwendeshaji na nduthi yake haiishi kuharibika, halafu kwa sababu nilianza kuona kwamba kuna historia ya tatu, na hiyo iko ndani ya kitu kinachotoshea kiganjani: kabureta. Fungua kabureta moja ya Kitale na mara nyingi utakuta bakuli la kampuni moja, sindano ya nyingine, jeti ya tatu, na boya lililotolewa kwenye pikipiki iliyokufa zamani. Watu wa mjini huita hiyo kubahatisha. Sidhani.

Kwa wale ambao hawajawahi kuifungua, kabureta ni koo. Injini inavuta hewa kupitia tundu lililobanwa katikati. Hewa ikifika penye mbano inakimbia, na ikikimbia shinikizo lake linashuka. Mwitaliano Giovanni Battista Venturi alieleza jambo hilo mwaka 1797, akizungumzia maji. Chini ya koo kuna bakuli la petroli, na ndani yake kuna floti, boya dogo linalofungua na kufunga njia ya mafuta kama lile la tangi la choo. Shinikizo likishuka pale juu, petroli inapanda kupitia jeti, kipande cha shaba ya manjano chenye tundu la kama milimita moja. Basi. Hakuna kompyuta, hakuna umeme. Injini inataka takriban gramu 15 za hewa kwa kila gramu moja ya petroli, na kazi ya kumpa hesabu hiyo ameachiwa yule mtu aliyetoboa jeti.

Sasa mpeleke huyo mtoboaji jeti akakae mahali pengine. Pikipiki nyingi zilizojaa kwetu mwanzoni zilitoka China, na moyo wa biashara hiyo ulikuwa Chongqing, mji ulio mita mia chache tu juu ya bahari. Kule hewa ni nzito. Kitale shinikizo la hewa ni kama asilimia 80 ya lile la pwani. Koo la kabureta linameza ujazo ule ule, lakini ndani ya ujazo huo hewa ni kidogo, na petroli haipungui kwa kadiri ile ile. Plagi inakuwa nyeusi kama sufuria ya muratina. Pikipiki inanuka mafuta, inakunywa kama imelipwa, na ikifika kilima na abiria wawili na gunia la mahindi inaanza kulia. Kwa hiyo kabureta mpya kabisa, iliyotoka kwenye boksi, ikiwa imepimwa kwa hewa ya chini, Kitale ni kabureta yenye kasoro. Mpya, na bado si sahihi.

Nilielewa hivyo nikimtazama mzee mmoja upande wa Kibomet akitoa jeti kwenye pikipiki ya 125 na kuweka nyingine ndogo zaidi, aliyoipata kwenye kopo.

"Hiyo umetoa kwa gani, mzee?"

"Ya mia. Ilichinjwa."

"Na inaingia?"

"Nyuzi ni zile zile. Tundu ndio dogo. Sisi hapa tuko juu, kijana. Hii ya 125 ilitengenezewa watu wa chini."

Hakusema neno moja kuhusu shinikizo wala Venturi. Ila alichofanya ndicho kinachoelekezwa na vitabu vya ufundi: ukipanda juu, punguza jeti. Alikuwa amelifikia jibu kwa njia ya plagi. Anaifungua baada ya mwendo, anaitazama rangi. Ikiwa nyeusi, mafuta yamezidi. Ikiwa nyeupe, hewa imezidi na injini inajichoma. Anachotaka ni kahawia, rangi ya chai ya maziwa.

Lakini kwa nini nyuzi ni zile zile? Kwa nini jeti ya pikipiki moja iingie kwenye nyingine ambayo jina lake, rangi yake na mwaka wake ni tofauti? Hapo ndipo inabidi turudi nyuma.

Mwaka 1976 Honda walitoa pikipiki inayoitwa CG125. Ilikuwa imebuniwa kwa ajili ya nchi kama zetu. Wahandisi wao walikuwa wameona kwamba katika nchi nyingi watu hubebesha pikipiki mizigo kupita kiasi na kusahau kubadilisha oili, kwa hiyo wakaacha ule mtindo wa kuzungusha valvu kwa cheni na kurudia fimbo za zamani, ambazo ni za polepole lakini zinavumilia shida. Injini ile ilipendwa mno, na kitu kinachopendwa huigwa. Katika miaka ya 1990 viwanda vya China viliichukua michoro ya Honda na kuigawanya. Huyu anatengeneza silinda, yule kabureta, mwingine gia, kila mmoja akifuata vipimo vile vile ili kipande chake kiweze kuuzwa kwa yeyote anayeunganisha. Kampuni kadhaa ziliunganisha pikipiki zilezile kwa majina tofauti. Honda wenyewe mwishowe, mwaka 2001, waliingia ubia na Sundiro, kampuni ya Kichina iliyokuwa ikiwaiga. Ukishindwa kumfukuza, kaa naye meza moja.

Matokeo yake ni kwamba zile pikipiki tulizokuwa tukiziita "za Mchina", kwa dharau kidogo, zilikuja zikiwa tayari ni ndugu. Kabureta za aina ya PZ zilizofungwa kwenye nyingi kati ya hizo ni nakala za muundo mmoja wa Kijapani. Fundi wa Kitale anayechomoa kiungo hapa na kukichomeka pale hajavunja sheria yoyote ya pikipiki hiyo. Anaendeleza kile kile kilichofanywa kiwandani Chongqing, ila yeye hana mchoro. Ana vidole.

Boxer ni hadithi nyingine. Ile ni ya Bajaj wa India, na ukoo wake unatokana na ushirikiano wao na Kawasaki, kwa hiyo haihesabiki katika familia ya CG. Ilipoanza kutawala barabara zetu, mafundi wengi walilazimika kujifunza upya. Nafasi kati ya boliti haikulingana, waya wa akselereta uliingia kwa namna nyingine, sindano ilikuwa na urefu wake. Ndipo zikaanza zile adapta unazoziona mpaka leo: kipande cha bati nene la alumini kilichotobolewa matundu manne, mawili ya kabureta na mawili ya injini, na katikati gasketi iliyokatwa kwenye tairi la ndani au karatasi ngumu. Nyingine ni nzuri. Nyingine zinavuja hewa pembeni, na hapo hesabu yote ya jeti imeharibika kabla hujaanza.

Mafuriko yenyewe yana tarehe. Mwaka 2005 pikipiki mpya zilizosajiliwa Kenya nzima hazikufika 5,000. Mwaka 2008 serikali iliondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki zenye injini chini ya 250cc. Kufikia 2011 zilizosajiliwa kwa mwaka mmoja zilikuwa zimepita 100,000. Fikiria pia huo mwaka 2008 ulivyokuwa kwetu. Ghasia za baada ya uchaguzi zilikuwa zimetoka tu kuichoma nchi, Trans Nzoia ikiwemo. Mlima Elgon ulikuwa na vita vyake vya ardhi vilivyoanza 2006, na jeshi likaingia Machi 2008. Mwaka uliofuata, kiwanda cha karatasi cha Pan Paper pale Webuye kikafungwa, na mji mzima ukaachwa bila mshahara. Pikipiki ziliwakuta vijana wakiwa wamesimama kando ya barabara tayari.

Wengine wao walikuwa na baiskeli. Tukumbuke kwamba neno bodaboda ni letu sisi watu wa mpakani: lilizaliwa Busia, miaka ya 1960 na 1970, kwa wanaume waliobeba watu na mizigo kwa baiskeli kati ya kituo cha forodha cha Kenya na kile cha Uganda. Nao mafundi wengi wa kwanza wa pikipiki niliokutana nao Bungoma walianza na baiskeli. Walijua fani ya kuishi na vipande. Mnyororo wa hii, pedali ya ile. Bungoma ni mji uliozoea vitu vinavyovuka: reli ilipita hapo kuelekea Uganda katika miaka ya 1920, na wakati wa bei kubwa ya kahawa, baada ya baridi kali kuua mikahawa ya Brazil mwaka 1975, kahawa ya magendo ya Uganda ilimiminika soko la Chepkube mpaka watu wakajenga nyumba za mawe kwa usiku mmoja, kama wanavyosema wazee. Kitale ilifuata njia tofauti. Ile ilikuwa nchi ya walowezi, ya trekta na mashamba makubwa, na reli ya tawi iliifikia mwaka 1926. Ufundi wa Kitale una harufu ya gereji ya shambani: kijana wa spana anayeshika taa huku Mzungu au Kalasinga akifungua injini, akikatazwa kuuliza, akijifunza kwa macho.

Huko kujifunza kwa macho ndiko serikali ilichelewa kukuona. Shirika la Kazi Duniani lilipokuja Kenya na kutoa ripoti yake mwaka 1972, ndipo wakubwa wakagundua kwamba watu waliodhaniwa hawana kazi walikuwa wakifanya kazi toka asubuhi. Mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, akaahidi vibanda, na neno jua kali likaingia kwenye hotuba rasmi. Halafu serikali hiyo hiyo ikaamua kutengeneza gari lake lenyewe, Nyayo Pioneer, likazinduliwa kwa shangwe mwaka 1990, na hakuna aliyewahi kulinunua. Huwa nacheka peke yangu nikifikiria: pesa zile zingetosha mashine ngapi za kutobolea jeti?

Maana hapo ndipo pana uchungu. Jeti nzuri inahitaji tundu la duara kamili, lenye kipimo kinachojulikana, na hilo bila mashine huwezi. Fundi ana njia mbili. Anaweza kutafuta tundu analolitaka kwenye jeti ya pikipiki nyingine, kama alivyofanya yule mzee wa Kibomet. Au anaweza kulilazimisha. Kulipanua anatumia waya mgumu, anausokota kama anayesafisha sikio. Kulipunguza anachukua uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa stima, anaupitisha ndani ya jeti, anaukunja pande zote mbili. Mwendeshaji anaambiwa: sasa hii itakula lita moja siku nzima.

Na kweli inakula kidogo. Kwa wiki mbili. Binamu yangu alifanyiwa hivyo Bungoma, mahali sitapataja. Uzi wa shaba haupimwi, unaweza kuziba robo ya tundu au nusu. Hewa ikazidi, injini ikawa inachemka, na siku moja akiwa na abiria karibu na Mayanja ikafunga. Walipoifungua, pistoni ilikuwa na doa lililoyeyuka kama nta. Pikipiki ilikuwa ya mkopo. Mwenye mkopo hataki kujua habari za jeti, anataka pesa yake Jumamosi. Binamu alikaa mwezi mzima akibeba matofali.

Mtu akisikia hayo atasema, si unaona, ndiyo hasara ya kuchanganya spea. Mimi naona kesi mbili zinazofanana kwa nje na zisizo na undugu wowote. Jeti ya Kibomet ilikuwa ngeni, lakini ilikuwa na kipimo. Jeti ya Bungoma ilikuwa ile ile iliyokuja na pikipiki, "orijino" kabisa, mpaka ilipowekwa uzi. Na ubaya zaidi ni kwamba Bungoma hewa ni nzito kidogo kuliko Kitale. Tofauti kati ya miji hii miwili ni ndogo, kama asilimia tatu hivi ya mchanganyiko, unywele tu. Lakini ni unywele unaovuta upande mmoja: pikipiki iliyobanwa mafuta ikashushwa Bungoma inapata hewa zaidi, inazidi kuwa moto. Kile ambacho Kitale kingepita na kikohozi, Bungoma kinachoma pistoni.

Anayelijua hili kuliko mafundi wengi ni mama mmoja mwenye duka la spea karibu na stendi ya Bungoma. Hajawahi kufungua injini. Anasikiliza tu wanachorudisha. Nilimkuta akibishana na kijana aliyetaka jeti ya ukubwa fulani.

"Hiyo sikuuzii. Wewe ni wa wapi?"

"Wa Kitale, mama. Nimekuja tu kuleta mzigo."

"Basi rudi ununue huko. Ukiweka ile ya hapa, utarudi kunilaumu ati nimekuuzia feki."

Kuna vitu ambavyo hata fundi mwenye ujasiri hagusi. Floti ya shaba iliyopasuka wanaiziba kwa risasi, na wajuzi wanaiweka kwanza kwenye maji moto ili mapovu yaonyeshe ufa ulipo. Lakini risasi ina uzito, boya linakaa chini kidogo, petroli inapanda kwenye bakuli, na inabidi ukunje kile kijiulimi cha chini kufidia. Hilo wanalifanya kwa mazoea. Slaidi ndiyo wanayoiogopa. Slaidi ni ile silinda ndogo inayopanda na kushuka kwenye koo unapovuta mafuta, na inatakiwa ianguke yenyewe ukiachia. Ukichukua ya kabureta nyingine, hata ikipishana kwa unene wa karatasi, inaweza kukwama juu. Pikipiki inaendelea kukimbia wakati mkono umeachia. Ukiwa kwenye mteremko, na trela la miwa mbele yako, huna muda wa kukumbuka swichi iko wapi.

"Hapo sichezi," mzee wa Kibomet aliniambia. "Jeti nitakuwekea ya mtu yeyote. Slaidi na koo lake ni mtu na bibi yake."

Nalo soko la vipande lina kiza chake. Nyingi zinatoka kwenye ajali, na nyingine kwenye minada ya pikipiki zilizooza katika vituo vya polisi mpaka nyasi zikaota katikati ya magurudumu. Lakini zipo zinazochinjwa usiku, na ambaye amewahi kuibiwa pikipiki anajua kwamba saa sita za kwanza zikipita, anachotafuta tena ni vipande. Fundi mwaminifu hukuuliza umetoa wapi. Wengine hawaulizi.

Halafu kuna petroli yenyewe. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalikuwa na bei ya chini kuliko petroli, na walanguzi wakawa wanachanganya. Septemba 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuua faida ya mchezo huo. Aliyeumia ni mama wa koroboi. Lakini waulize mafundi, watakuambia jeti ndogo ya sailensi, ile inayolisha injini ikiwa imesimama tu, ilipunguza kuziba. Petroli ya chupa inayouzwa kando ya barabara bado ina mchanga wake, bila tozo.

Sasa kabureta yenyewe inaondoka. India ilipoanzisha kanuni za moshi za BS-VI Aprili 2020, pikipiki nyingi za huko zilihamia kwenye mfumo wa kunyunyiza mafuta kwa kompyuta, ambao unapima hewa na kujirekebisha bila kumwuliza mtu yuko mita ngapi juu ya bahari. Zinazoletwa kwetu bado nyingi zina kabureta. Septemba 2023 Rais Ruto alizindua mpango wa pikipiki za umeme Mombasa, na hizo hazina koo kabisa. Sina ugomvi nazo. Binamu yangu akipata moja leo atalala usingizi.

Ninachojali ni kopo. Mzee wa Kibomet ana kopo la Blue Band lililojaa jeti, labda mia mbili, zilizokusanywa toka pikipiki za kwanza za Mchina zilipoanza kufia mlangoni kwake. Namba zilizogongwa juu yake nyingi zimefutika. Ana kijana anayejifunza, na mchana kukiwa hakuna kazi anamwagiziwa kopo lote kwenye gunia na kuambiwa azipange. Hakuna kipimo. Kijana anaweka jeti moja mdomoni, anapuliza, anasikiliza mluzi. Tundu dogo linalia juu, kubwa linalia chini. Anaiweka kushoto au kulia. Mzee amekaa kwenye mtungi uliogeuzwa, mgongo kwake, akinywa chai, na kila mara kijana anapokosea anasema bila kugeuka, "Hiyo rudisha. Hiyo ni ya watu wa chini."